Kasoro au Ziada? Kinga ya Kijusi Chenye Hitilafu ya Kromosomu, na Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Tukisema "saa mbili kasoro robo", kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba robo saa imepungua. Neno kasoro hubeba maana ya kupungua, ya kutokutimia. Sasa tumtazame mtoto aliyezaliwa na kromosomu 47 badala ya 46. Vitabu vyetu vingi husema ana "kasoro ya kromosomu". Lakini mtoto huyu hakupungukiwa na kromosomu, amezidishiwa moja. Je, tumemweleza vizuri?

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa idara za sayansi, yaani namna kinga ya mwili inavyojengeka ndani ya kijusi chenye hitilafu ya kromosomu. Tumelileta katika jarida la walimu wa lugha kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu yanayozunguka jambo hili hutokana na maneno. Mzazi akiambiwa kwa neno lisilofaa, hujilaumu, humficha mtoto, au huacha kumpeleka kwenye chanjo. Akielezwa sawasawa, hupata njia ya kumlinda.

Mfano wetu mkuu utakuwa ni hali iitwayo sindromu ya Down, ambayo ndiyo hitilafu ya kromosomu inayoonekana zaidi kwa watoto wanaozaliwa hai. Mahali petu patakuwa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori.

Kwa nini Kasese na Bwera?

Barabara itokayo mji wa Kasese hushuka hadi Kikorongo, ikageuka magharibi kupitia Kinyamaseke na Kisinga, ikafika Bwera na hatimaye mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wana lugha zinazokaribiana sana. Hata hivyo Kiswahili nacho kina nafasi yake ya siku nyingi: kilisemwa na wachimbaji wa shaba wa Kilembe waliotoka sehemu mbalimbali, kikaja na reli iliyofika Kasese mwaka 1956, na hadi leo ni lugha ya biashara katika soko la mpakani.

Bwera pia imekwisha kutuonyesha kwamba lugha ya afya si jambo la darasani tu. Mwezi Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka kutoka Kongo, wagonjwa walihudumiwa katika hospitali za Kagando na Bwera, na chanjo ikatolewa kwa wahudumu wa afya na kwa watu waliokutana na wagonjwa. Katika siku kama hizo maneno kinga, chanjo na maambukizi hutoka kwenye kamusi na kuingia njiani. Asiyeyaelewa huogopa, na mwenye hofu huamini uvumi.

Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu anayekwenda kufundisha Bwera, basi, hapeleki sarufi pekee. Anaweza kuombwa wakati wowote kumfafanulia jirani yake yale aliyoambiwa hospitalini.

Kromosomu ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo mno. Ndani ya kiini cha kila seli mna nyuzi zilizokunjamana zinazobeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Nyuzi hizo ndizo kromosomu. Kila elekezo moja ndani ya uzi huitwa jeni. Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46, zilizopangwa jozi 23: moja ya kila jozi hutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Idadi hii haikujulikana kwa usahihi hadi mwaka 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan walipotangaza kwamba ni 46. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakifundisha 48.

Wakonzo huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ukisikia Masika, umesikia binti wa kwanza, na Biira ni binti wa pili. Kwa wavulana, Mumbere ni wa kwanza na Bwambale ni wa pili. Jina lenyewe linakuonyesha nafasi ya mtoto nyumbani. Wanasayansi nao walizipa kromosomu majina kwa mpangilio, ila wao walitumia ukubwa: namba 1 ndiyo kubwa kuliko zote, wakashuka hadi namba 22. Jozi ya mwisho ni ya jinsia, X na Y. Lakini walikosea mahali pamoja. Baadaye ilionekana kwamba namba 21 ni ndogo kuliko namba 22, kama nyumba ambamo Biira ameitwa Masika. Jina halikubadilishwa, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuizoea namba 21 kwa sababu ya sindromu ya Down.

Udogo huo una maana. Kromosomu 21 ina jeni chache, zaidi kidogo ya 200 zinazoelekeza utengenezaji wa protini. Ndiyo sababu mtoto mwenye nakala tatu za kromosomu hii anaweza kuishi hadi uzeeni. Nakala ya tatu ya kromosomu kubwa huharibu mambo mengi mno kwa pamoja. Takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo huwa na hitilafu ya kromosomu. Watoto wenye nakala tatu za namba 13 au namba 18 huzaliwa wachache, na wengi wao hawafikishi mwaka mmoja.

Ziada hutoka wapi?

Daktari John Langdon Down wa Uingereza aliandika juu ya hali hii mwaka 1866 bila kujua chanzo chake. Chanzo kilijulikana mwaka 1959, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Paris walipochapisha habari za kromosomu ya ziada.

Yai la mama na mbegu ya baba zinapotengenezwa, kila jozi ya kromosomu inatakiwa kuachana ili nusu tu ibaki. Mara nyingine jozi hushindwa kuachana. Yai likabaki na kromosomu 21 mbili, na likikutana na ya baba zinakuwa tatu. Hivi ndivyo inavyotokea kwa takriban watoto 95 katika kila 100 wenye sindromu ya Down. Kwa waliobaki, kipande cha kromosomu 21 huwa kimejishikiza kwenye kromosomu nyingine, au ziada iko katika baadhi tu ya seli za mwili.

Mayai ya mwanamke huanza kuumbwa yeye mwenyewe akiwa bado kijusi tumboni mwa mama yake. Kromosomu zake hupangwa jozi jozi wakati huo, kisha husubiri miaka kumi na mitano, ishirini, hata arobaini. Kadiri zinavyosubiri, ndivyo uwezekano wa kushindwa kuachana unavyoongezeka. Kwa mama wa miaka 35 ni takriban mtoto 1 kati ya 350. Kwa wa miaka 40 ni takriban 1 kati ya 100. Hata hivyo mama wa umri wowote anaweza kuzaa mtoto mwenye hali hii. Duniani kwa jumla ni takriban mtoto 1 katika kila 700 hadi 800.

Hapa hakuna lawama kwa yeyote. Hakuna chakula alichokula mama, mwiko aliouvunja, wala neno alilotamkiwa na jirani lililoweza kuitenganisha au kuiunganisha jozi hiyo.

Kinga hujengwa lini, na wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kinga huanza siku ya chanjo ya kwanza. Sivyo. Kinga huanza kujengwa tumboni, na hujengwa kwa kuhamahama.

Seli za mwanzo za damu huonekana katika kifuko cha kiinitete, nje ya mwili wa mtoto mtarajiwa, mimba ikiwa na wiki chache tu. Halafu kazi huhamia kwenye ini, kuanzia takriban wiki ya sita. Kwa miezi kadhaa ini la kijusi ndilo kiwanda kikuu cha damu, jambo ambalo ini la mtu mzima halifanyi katika hali ya kawaida. Mwishoni kazi huhamia kwenye uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, na huko hubaki maisha yote.

Miongoni mwa seli nyeupe za damu kuna askari wa aina mbili tunaotaka kuwafahamu. Wa kwanza ni limfosaiti B, ambazo hukomaa na kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa mdudu wa ugonjwa. Kwenye kijusi, hizi huanzia ndani ya ini. Wa pili ni limfosaiti T. Hizi huzaliwa pamoja na nyingine lakini hupelekwa shule kwenye tezi iitwayo thaimasi, iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Huko hufundishwa mambo mawili: kumtambua adui, na kutomshambulia mwenye nyumba. Wanafunzi wa kwanza huingia thaimasi katika mwezi wa tatu wa mimba, na wahitimu wa kwanza huanza kutoka katika mwezi wa nne. Thaimasi ni kubwa utotoni, kisha husinyaa baada ya kubalehe. Kwa hiyo shule hii ina msimu wake, na ikiyumba mapema athari zake huonekana baadaye.

Ziada inapoingia kiwandani

Tumfikirie fundi wa nyumba aliyepewa kitabu cha michoro ambacho ukurasa mmoja umewekwa mara tatu. Kurasa nyingine zote ni kamili. Nyumba itasimama, ila vitu vilivyomo katika ukurasa ule vitazidi, na vingine vitakosa nafasi. Ndivyo ilivyo kwa kijusi chenye kromosomu 21 tatu. Tutaeleza mambo manne.

Kwanza, thaimasi. Kwa watoto wenye sindromu ya Down tezi hii huwa ndogo na mpangilio wake wa ndani hutofautiana na wa kawaida. Tofauti hiyo huonekana tangu mwanzo kabisa wa maisha, hata kwa mtoto ambaye hajaugua. Matokeo yake ni kwamba limfosaiti T mpya zinazotoka huwa chache.

Pili, ini. Utafiti uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 juu ya ini la vijusi ulionyesha kwamba seli-mama za damu zenye kromosomu 21 tatu huegemea upande mmoja. Hutoa kwa wingi vitangulizi vya seli nyekundu na vya seli zinazogandisha damu, na hupunguza vitangulizi vya limfosaiti B. Ziada upande huu imezaa upungufu upande ule.

Tatu, kengele ya hatari. Seli iliyoingiliwa na virusi hutoa protini iitwayo intaferoni ili kuzitahadharisha jirani zake. Jirani huisikia kengele hiyo kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake. Kati ya jeni sita zinazotengeneza vipokezi vya intaferoni, nne ziko kwenye kromosomu 21. Mwenye nakala tatu huisikia kengele kwa sauti kubwa kupita kiasi. Watafiti wa Colorado, Marekani, walionyesha mwaka 2016 kwamba seli za watu hawa huishi kana kwamba kengele inalia hata pasipo na adui. Hali hii huweza kuufanya mwili ujichokeshe na kujishambulia. Inasaidia kueleza kwa nini magonjwa ya tezi ya shingo na kisukari kinachoanza utotoni huonekana zaidi miongoni mwao.

Nne, seli changa za damu. Mtoto akiwa bado tumboni, ndani ya ini lake, jeni iitwayo GATA1 huweza kubadilika katika baadhi ya seli. Kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100 wenye sindromu ya Down huzaliwa na wingi wa seli changa damuni kwa sababu hiyo. Wengi wao hupona wenyewe katika miezi michache. Wachache hupata saratani ya damu kabla ya kutimiza miaka mitano, na kwa hiyo wanahitaji kuangaliwa.

Tukiyatazama mambo haya manne kwa pamoja tunaona kwa nini neno kasoro halitoshi. Kinga ya mtoto huyu si nyumba iliyobomoka. Ni nyumba iliyojengwa kwa mpango mwingine: pengine imepunguka, pengine imezidi, na mara nyingi kupunguka na kuzidi vinakaa chumba kimoja.

Hitilafu nyingine kwa ufupi

Kuna hali ambayo neno kasoro linaifaa kweli. Baadhi ya vijusi hukosa kipande kidogo cha kromosomu 22. Hali hii inahusishwa na daktari Angelo DiGeorge wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1965 juu ya watoto waliozaliwa bila thaimasi. Wengi wenye hali hii wana thaimasi ndogo na kinga yao huimarika wanapokua. Wachache sana hawana tezi hiyo kabisa. Hao hawafai kupewa chanjo zenye vijidudu hai, nao huhitaji kupandikizwa tishu ya thaimasi, tiba iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2021. Wasichana wenye sindromu ya Turner nao wana X moja badala ya mbili. Hao huugua masikio mara kwa mara utotoni, na magonjwa ya tezi ya shingo wanapokua.

Tusichanganye haya na ugonjwa wa chembe mundu, au selimundu, unaojulikana sana upande wa Rwenzori. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha kwamba miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo, jirani za Kasese, takriban watu 45 katika kila 100 walikuwa na alama yake damuni. Huko kromosomu ni kamili, ila jeni moja imebadilika na hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Tukirudi kwenye mfano wa kitabu: katika selimundu neno moja limeandikwa tofauti, katika sindromu ya Down ukurasa mzima umerudiwa.

Anachopewa mtoto na mama yake

Mbali na kinga anayojijengea, kila kijusi hupokea akiba kutoka kwa mama. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, nyingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Baada ya kuzaliwa, maziwa ya mama huleta kingamwili nyingine zinazolinda koo na matumbo.

Akiba hii huweza kupunguzwa. Malaria inapoota kwenye kondo huzuia baadhi ya kingamwili kupita. Katika nyanda za chini za Kasese, karibu na maziwa George na Edward, jambo hili lina uzito. Chandarua na dawa ya kuzuia malaria anayopewa mama mjamzito kliniki, kwa hiyo, vinamsaidia pia mtoto ambaye kiwanda chake cha kinga kina hitilafu. Naye mtoto mwenye sindromu ya Down huweza kuwa na misuli milegevu na kunyonya kwa shida. Mama asikate tamaa mapema: ashauriwe namna ya kumshika, na akishindwa akamue ampe kwa kikombe.

Baada ya kuzaliwa

Kwa mzazi, elimu yote hii huishia kwenye mambo machache ya kufanya. La kwanza ni chanjo. Mtoto mwenye sindromu ya Down anapaswa kupata chanjo zote za kawaida kwa wakati wake. Mwili wake pengine hautaitikia kwa nguvu kama wa mwenzake, lakini ndiye anayeihitaji zaidi. Uganda iliingiza chanjo ya nimonia katika ratiba yake mwaka 2013, nayo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Aprili 2025.

La pili ni kutosubiri. Kikohozi na kupumua kwa haraka kwa mtoto huyu si mafua ya kungojewa yapite, kwani njia zake za hewa ni nyembamba na nimonia humshika upesi. La tatu ni moyo. Takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo, na moyo usiofanya kazi vizuri huzidisha ugonjwa wa mapafu. Upasuaji wa moyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Safari ya kutoka Bwera ni ndefu na ina gharama, lakini kujua kwamba tiba ipo ni hatua ya kwanza.

Juhudi hizi huzaa matunda. Nchini Marekani mwaka 1983 wastani wa maisha ya mtu mwenye sindromu ya Down ulikuwa miaka 25. Leo ni takriban 60. Kromosomu hazikubadilika katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni matunzo.

Tatizo la maneno

Sasa turudi nyumbani kwetu, kwenye lugha. Kuna mtego mmoja mkubwa. Neno UKIMWI ni kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na kwa miaka mingi ndilo lililowafundisha Waswahili kusema "kinga mwilini". Muuguzi akimwambia mama wa Bwera, "mtoto wako ana upungufu wa kinga mwilini", ametamka UKIMWI kwa kirefu chake. Jirani aliye kwenye benchi atasikia silimu, na kabla ya jua kutua habari itakuwa imefika sokoni. Tunapendekeza kusema "kinga yake imejengeka tofauti" au "kinga yake bado ni dhaifu kwa magonjwa ya kifua". Maneno haya ni marefu, lakini hayamwumizi mtu.

Pili, badala ya kasoro tunapendekeza hitilafu. Asili ya neno hili katika Kiarabu ni kutofautiana, nalo linaweza kubeba ziada na upungufu kwa pamoja. Tunapotaka kuwa wazi zaidi tuseme "kromosomu ya ziada".

Tatu, tuyaache maneno zezeta, taahira na punguani, ambayo ni matusi hata yakitamkwa kwa huruma. Tusiseme pia kwamba mtoto huyu ana usonji au mtindio wa ubongo, maana hizo ni hali nyingine zenye majina yao. Kulitumia jina la hali moja kwa nyingine ni kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake.

Mazungumzo ya darasani

Tumetunga mazungumzo yafuatayo ili wanafunzi wayaigize wawiliwawili. Mama amempeleka bintiye wa pili, Biira, mwenye umri wa miezi minane.

Mama: Sista, huyu mtoto analazwa mara ya tatu sasa kwa kifua. Watu wanasema damu yangu ndiyo mbaya.

Muuguzi: Hapana, Mama Masika. Damu yako si mbaya. Biira alipoumbwa, alipata kromosomu moja zaidi. Hakuna aliyekosea.

Mama: Ama ana silimu, mnanificha?

Muuguzi: Hatukufichi, mama. Mlipimwa nyote wawili na majibu uliyaona. UKIMWI huletwa na virusi vinavyovunja kinga iliyokwisha jengwa. Kinga ya Biira haikuvunjwa. Ilijengwa tofauti tangu tumboni.

Mama: Sasa nitafanya nini?

Muuguzi: Usikose chanjo hata moja. Mnyonyeshe. Akianza kupumua haraka, usingoje asubuhi.

Mama: Hata kama ni usiku?

Muuguzi: Hata kama ni usiku, mama. Tuamshe.

Mwalimu awaongoze wanafunzi kuona kwamba muuguzi hakutumia neno kasoro wala upungufu, na bado alisema kweli yote iliyohitajika.

Hitimisho

Katika makala haya tumeona kwamba kinga ya binadamu huanza kujengwa tumboni, kwamba kromosomu ya ziada huubadilisha ujenzi huo tangu kwenye ini na thaimasi ya kijusi, na kwamba mabadiliko hayo ni mchanganyiko wa kuzidi na kupunguka. Tumeona pia kwamba chanjo, maziwa ya mama na tiba ya mapema huweza kuziba sehemu kubwa ya pengo.

Kila tarehe 21 Machi dunia huadhimisha Siku ya Sindromu ya Down, iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa na kuadhimishwa nao tangu 2012. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa hesabu: mwezi wa tatu, siku ya 21, yaani nakala tatu za kromosomu 21. Ni siku nzuri kwa somo moja la Kiswahili, Kasese, Bwera au kwingineko.

Maswali ya kujadili

1. Taja maneno matano ya Kiswahili yenye maana ya kupungua. Ni yapi kati yake yanayofaa, na ni yapi yasiyofaa, kumweleza mtoto mgonjwa mbele ya mzazi wake?

2. Eleza kwa sentensi tatu, bila kutumia istilahi yoyote ya kigeni, tofauti kati ya selimundu na sindromu ya Down.

3. Andika tangazo la maneno yasiyozidi 60 la kubandikwa katika soko la Mpondwe, ukiwahimiza wazazi wa watoto wenye sindromu ya Down wasikose chanjo. Lisomeni darasani, kisha mwulizane: je, mama wa mtoto huyo akilisoma, atabandua macho kwa aibu au atalisoma hadi mwisho?